Moshi wa Sandarusi katika Chumba cha Mzazi

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, wake kwa waume, kaeni kitako mnisikilize. Sitaki mnihurumie. Ninaandika kwa sababu kila akipatikana mzazi mtaani kwetu huenda kumpa mkono, na bado nakuta dirisha limezibwa kwa mkeka, mlango umerudishwa, na bibi wa makamo yangu amekaa juu ya kigoda anapepea makaa chini ya kitanda. Nikimwambia autoe moto ule hunijibu, "Bi Mwanahawa, si wewe nawe ulifanya hivi hivi?" Nilifanya. Kwa hiyo yasomeni.

Katika chuo cha Kurani nilifika juzuu ya Amma tu, nikatolewa nikaolewa. Herufi zangu zimekaa ovyo. Asiyeweza kuzisoma ampe mwenye macho amsomee, lakini asiruke mahali.

Mwanangu Athumani anafanya biashara ya sandarusi, ule utomvu mkavu unaochimbwa mchangani huko Kerege na kuingia bara kidogo. Wachimbaji huuleta ukiwa na ganda lake. Uani kwetu palikuwa na masufuria mawili makubwa, sandarusi inachemshwa kwa maji ya magadi, inasuguliwa, kisha wanawake wanachagua, kubwa huku, ndogo huku. Mwisho hubaki chenga, vipande vidogo visivyofika punje ya muhindi, ambavyo mnunuzi havitaki. Mimi sipendi kitu kitupwe. Nikawa nazikusanya ndani ya kikapu, nazifanya mafusho ya nyumba. Wenzangu walifukiza kwa ubani, chembe mbili tatu. Mimi nilitia chenga kwa kiganja. Moshi wake mzito, mweusi, unanukia vizuri kwanza, halafu unakaa kooni. Nilikuwa naona fahari. Wageni wakipita njiani walikuwa wakisema, hapa ni kwa Bi Mwanahawa, hata kabla hawajauona mlango.

Kwetu mzazi hukaa ndani siku arobaini. Hukandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, hunywa uji wa pilipili manga, na chini ya kitanda chake huwekwa kigae cha makaa kisichozimwa. Moto unakausha tumbo, na moshi unafukuza jicho na pepo wa watoto. Ndivyo alivyonifunza mama yangu, na yeye alifunzwa na wake. Mimi nilikuja nikauongeza kwa chenga zangu, nikaziba na dirisha, nikaona nimefanya vizuri kuwashinda wote.

Mtoto wa kwanza wa Athumani na mkewe Zuhura alikuwa mwanamume, Ali. Alizaliwa wakati wa masika. Siku ya kumi akaanza kukohoa, kikohozi kidogo kama cha paka. Siku ya kumi na tisa tulimzika. Wa pili, Mwanaidi, alikuja mwaka uliofuata, kusi imeshaanza. Huyu alifika siku ya thelathini na moja, nami nimeshamshonea kanzu ya kutokea nje. Hakuivaa.

Watu walikuja wakaniambia Mungu ndiye aliyetoa na ndiye aliyetwaa. Sishindani na hilo. Lakini nyumba ikizika watoto wawili hutafutwa wa kulaumiwa, na mimi nilimtafuta karibu. Zuhura ni binti wa mkulima wa Kaole, mpole, hajibu. Nikawaita wenzangu wawili, tukamkamua maziwa ndani ya kigae, tukamtia sisimizi. Sisimizi akazama akafa. Tukasema, basi, maziwa yake yanaua.

Sasa nawauliza, mnijibu kwa akili zenu. Mmemwona wapi sisimizi aliyetiwa majini akaogelea akatoka? Lakini siku ile wanawake watatu wazima tulikitazama kidudu kile kikifa, tukatikisa vichwa. Zuhura alikuwa ameketi palepale, kifua wazi, maziwa yanamchirizika mpaka kiunoni. Nikamwambia Athumani, akizaa mara ya tatu na mtoto akaenda, mrudishe kwao. Athumani alinyamaza, na mwanangu akinyamaza huwa amekubali. Zuhura alisikia. Nilisema kwa sauti ili asikie.

Mji huu ulikuwa na mganga wa watoto, jina lake Mwanamvua, Mkwere wa Kiwangwa. Mtu mzima akimwendea na jino lake humfukuza. Ujanani alichoma chokaa hapa pwani pamoja na wanawake wengine, vitoto mgongoni, tanuri likifuka kutwa. Alizika wanne. Wa tano alimzalia kwao shamba, akamwacha huko kwa dada yake, na huyo akakua. Tangu hapo akawa mtu wa kugonga milango. Akisikia kuna mimba anakwenda, anasema toeni moto, fungueni dirisha, mtoto apate pumzi safi. Alikwenda hata barazani kwa majumbe, wakuu wa mji, yeye na wakunga wawili, kuomba matanuri ya chokaa na masufuria ya sandarusi yaondolewe katikati ya nyumba za watu. Majumbe wakasema kila mwenye nyumba ni mwenye moshi wake. Mji mzima ukamcheka. Tukamwita muuza upepo. Jina hilo nililitia mimi.

Alikuja kwangu mimba ya tatu ya Zuhura ilipofika miezi saba.

"Hodi hapa."

"Karibu, kama hukuja na maneno ya madirisha."

"Nimekuja nayo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa hapo barazani, uyaseme hukohuko."

Akaketi, akakunja miguu. "Mkaza mwanao ana mimba. Nimekuja mapema, maana nikingoja huwa nakuja matangani."

"Unanitabiria msiba mlangoni pangu?"

"Sitabiri. Nanusa. Nimekaa hapa kidogo tu, koo limeanza kuniwasha. Kichanga kitakaa humo ndani siku arobaini."

"Mimi nililelewa ndani ya moshi," nikamwambia. "Na marehemu mume wangu pia. Na huyo Athumani unayemwona, ana kifua kama jamvi la msikitini."

"Ulilelewa katika nyumba ya makuti. Paa lilikuwa linauchuja moshi kama kifumbu. Hii ni ya mawe na boriti, bibi. Moshi ukiingia humu unakaa kama mgeni asiyejua kuaga."

Faida, mjakazi wetu, aliyekuwa anafagia ukumbini, akacheka. Nikamtazama, akaacha.

"Nyinyi huko Kiwangwa mnalala na mbuzi," nikasema. "Leo umekuja kunifundisha nyumba ya mawe?"

"Mbuzi wetu hawakohoi." Akasimama, akajifunga kaniki yake vizuri. "Mimi nakaa Gongoni, banda lisilo kuta. Usingoje siku ya kumi na tano."

Nikasema mbele ya Faida kwamba mwanamke yule amekosa adabu. Faida akasema ndiyo, bibi, huku anakohoa. Alikuwa akikohoa muda mrefu, na hakuna mtu humo ndani aliyewahi kumwuliza.

Mtoto alizaliwa vuli, mvua inanyesha. Mwanamke. Tukamwita Tabu, kama wafanyavyo watu waliofiwa, ili jina lisitamanike. Mimi nikachukua kigoda changu nikakaa chumbani. Kwa kuwa wawili walikuwa wamekwenda, nikaona ulinzi ulikuwa mdogo. Nikaongeza makaa, nikaongeza kiganja cha pili cha chenga, nikatia vitambaa hata kwenye nyufa za mlango. Sikilizeni jambo hili vizuri. Nilikuwa nampenda. Kila nilipotia kiganja nilisema bismillahi.

Siku ya kumi na mbili akaanza. Kikohozi kilekile cha paka. Siku ya kumi na tatu akawa analishika titi, anavuta mara mbili, anaachia ili apumue, analia bila sauti. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta pumzi, na chini ya koo pakafanya kishimo ambacho ungeweza kuweka ncha ya kidole. Puani panapanuka kama samaki aliyetolewa majini. Matiti ya Zuhura yakajaa yakawa magumu kama mawe, akawa anayakamua kwenye kigae, mwili unamtetemeka kwa homa. Na mimi macho yalivimba, mate yangu yakawa ya kijivu, sikuweza kulala chali. Nikaona hiyo ndiyo taabu ya kulinda.

Tukaanza dawa. Siku ya kumi na tatu, kombe. Nilikwenda mwenyewe kwa mwalimu wa chuo, nikangoja barazani pake pamoja na watu wenye shida zao, akaandika aya kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, tukaosha kwa marashi, tukamwonjesha Tabu kwa ncha ya kidole. Siku ya kumi na nne, mafuta ya nyonyo kifuani, yamepashwa moto. Siku ya kumi na tano, hirizi. Siku hiyo nilikumbuka maneno ya Mwanamvua, na kwa kuwa niliyakumbuka nikakasirika, nikatia chenga zaidi.

Siku ya kumi na sita, jua limeshachomoza, natoka kusali na kula, nikakuta kitanda kitupu.

Mzazi hatoki kabla ya arobaini. Hata mlango wa uani haukanyagi. Nikamwita Faida.

"Mke wa Athumani yuko wapi?"

"Ameelekea Gongoni, bibi."

"Na wewe ukamwangalia tu?"

"Nilimfungulia mlango," akasema.

Nikajitupia ukaya kichwani nikatoka. Mimi nilikuwa sitembei njiani mchana. Nilipita mbele ya wapagazi waliokuwa wanafunga mizigo yao, wakanipisha, nami sikumtazama mtu.

Banda la Mwanamvua lilikuwa nguzo na makuti, kuta hakuna. Chini pametandikwa majamvi, na juu yake wanawake wamekaa mstari na watoto mapajani. Nikaenda mpaka mbele nikasimama, nikangoja niitwe. Hakuna aliyeniita. Mchuuzi mmoja wa samaki, kitoto kifuani, akanivuta nguo.

"Mama, mwisho uko kule."

"Unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua. Mwisho uko kule."

Nikaenda nikakaa karibu na Zuhura, mwisho wa mstari, juu ya jamvi lililokaliwa na kila aina ya watu. Hakunisalimu. Nilikuwa nimejaa maneno, lakini pale palikuwa na ukimya wa ajabu, maana kila mwanamke anasikiliza kifua cha mwanawe. Ukikaa kimya ulivisikia vyote, kimoja kinakoroma, kimoja kinapiga mluzi, kimoja kama mtu anayesugua sufuria kwa mchanga. Hicho kilikuwa cha Tabu. Upepo ulikuwa unapita kutoka baharini. Kabla zamu yetu haijafika nikaona ameshika titi, akavuta, akavuta tena, akalala. Ulikuwa usingizi wa kwanza tangu siku ya kumi na mbili. Niliona kwa macho yangu, na bado moyo wangu ukasema ni hirizi.

Mwanamvua alipofika kwetu hakunikumbusha lolote. Alimvua Tabu, akaweka sikio mgongoni, akakaa hivyo muda. Kisha akachukua kipande cha bafta nyeupe, akakisokota, akakichovya kwenye maziwa ya Zuhura, akamsafisha puani. Kikatoka cheusi. Akakikunjua mbele yangu, juu ya goti lake.

"Mnafukiza nini?"

"Ubani," nikasema.

Zuhura akanitazama. Nilidhani atasema. Lakini nilimfunza mwenyewe kutonijibu mbele za watu.

"Ubani wa namna gani?" Mwanamvua akauliza.

"Ubani wa watu wote. Kidogo."

Kwa nini nilisema uongo? Nimejiuliza miaka yote hii. Chenga ni takataka. Kusema mbele ya mchuuzi wa samaki kwamba Bi Mwanahawa anamfukizia mjukuu wake takataka za biashara, sikuweza. Ni hilo tu. Hakuna sababu kubwa zaidi.

Mwanamvua akafikiri. "Kama ni ubani kidogo, basi ni makaa," akasema. "Laleni hapa."

"Binti wa watu hawezi kulala bandani."

"Haya, mrudishe. Lakini moto utoke. Dirisha liwe wazi. Ubani wako chembe moja, mbali, mkiona lazima. Mtoto akibadilika rangi mlete mbio."

Nikafanya nusu. Nilitoa kigae cha makaa. Nikalifungua dirisha. Ndipo nikaogopa, maana dirisha wazi ni njia ya kila jicho, nikaweka chetezo mlangoni, nikatia chenga ndani yake, kiganja kimoja, nikajiambia ameruhusu ubani mbali, na mlangoni ni mbali. Upepo ukaingia dirishani ukaucheza moshi ule chumba kizima.

Kesho yake baada ya adhuhuri Zuhura akaniita. Hakupiga kelele. Alisema, "Mama, njoo umwone." Midomo ya Tabu ilikuwa rangi ya zambarau, na kucha zake vilevile. Anapumua, anaacha, unangoja, anapumua. Mikono ikawa inaning'inia kama kitambaa.

Nilimbeba mimi. Ukaya ukaniponyoka njiani nikauacha. Kifua changu mwenyewe kilikuwa kinauma, nilikuwa nakohoa huku nakimbia, mwanamke wa umri wangu, kichwa wazi, na watu wa mtaani wanatoka kutazama. Nilipofika bandani, mstari ulikuwapo. Yule mchuuzi wa samaki akaniona akasimama, akasema, "Piteni, piteni," na wote wakasogeza miguu.

Mwanamvua akampokea, akamlaza kifudifudi juu ya mkono wake, akamsugua mgongo. Akasema bila kuniangalia, "Ubani haufanyi hivi. Niambie, bibi. Nikijua nitajua la kufanya. Nisipojua nacheza."

Mkono wake haukuacha kusugua.

"Ni sandarusi," nikasema. "Chenga za sandarusi. Viganja viwili kila mara. Tangu alipozaliwa. Jana pia, mlangoni."

"Na wale wa kwanza?" akauliza mchuuzi wa samaki. Hakukusudia ubaya, alikuwa anauliza tu.

"Kiganja kimoja," nikasema.

Hapakuwa na mtu aliyenicheka. Heri wangenicheka.

Tulikaa bandani siku kumi na moja. Nakuelezeni nilichokiona, si dawa za siri. Mwanamvua hakutaka hata jiko liwashwe upande upepo unakotoka. Akawa anamshika Tabu wima, mgongo kwake, uso kwenye upepo, kutwa, wakibadilishana na Zuhura. Akamsafisha puani kila alipotaka kunyonya. Mtoto hakuwa na nguvu ya kuvuta titi, basi Zuhura alikamua, nao wakamdondoshea kwa utambi wa pamba, tone, wanangoja ameze, tone. Mpaka kikombe kidogo kiishe mkono umekufa ganzi. Siku mbili za mwanzo hatukujua kama atapona. Siku ya tatu midomo ikarudi rangi. Siku ya tano kishimo cha kooni kikapungua. Siku ya saba alivuta titi mwenyewe, mara sita, tukahesabu sote mpaka wenye watoto wao wagonjwa.

Mimi nilipewa kazi ya kuchota maji. Hakuna aliyeniambia nipumzike, nami sikuomba. Na hapo, kulala nje siku kumi na moja, kikohozi changu nilichokuwa nacho miaka kikaisha. Mate yangu yakawa meupe. Hilo ndilo lililonivunja kuliko yote, maana sasa nilikuwa na ushahidi ndani ya mwili wangu mwenyewe, na sikuweza kusema ni hirizi.

Athumani alikuja kila alasiri, akasimama nje ya banda. Zuhura alimjibu maneno mawili matatu. Mimi hakunijibu. Siku ya sita tu, mimi na Zuhura tunakunja nguo, akasema, "Mama, yule sisimizi." Akaishia hapo. Nikangoja amalizie. Hakumaliza, akaendelea kukunja.

Siku ya kuondoka nilimkuta Mwanamvua anaosha vitambaa vyake. Nikachuchumaa karibu naye.

"Wale wawili," nikasema. "Ali na Mwanaidi."

"Sikuwaona, bibi. Siwezi kumsemea mtoto nisiyemshika."

"Ukiulizwa na Mungu?"

Akakamua kitambaa, akakianika. "Mimi nina wanne wangu nitakaoulizwa," akasema. "Wa kwako, wewe ulikuwapo."

Nilirudi nyumbani na jibu hilo, na ninalo mpaka leo.

Nikataka masufuria yatoke uani. Athumani akasema, "Mama, hiyo sandarusi ndiyo inayokulisha." Nikamwambia nitakaa njaa. Tukagombana siku nyingi, mlango kwa mlango, yeye hali na mimi, mimi simwiti. Mwisho alijenga kibanda nje ya mji, njia ya Kaole, upande upepo unakokwenda si unakotoka, kazi ikahamia huko. Mwanamvua alipokwenda tena kwa majumbe nilikwenda naye, kichwa nimejifunika vizuri safari hii. Mzee mmoja akaniuliza, "Na wewe Bi Mwanahawa siku hizi unauza upepo?" Nikamwambia, "Ndiyo, bwana. Nilipokuwa nauza moshi nilizika wawili." Tanuri mbili za chokaa zilihamishwa. Nyingine zipo palepale, mnaziona, na watoto wa wachomaji wamo mgongoni.

Tabu ana miaka minne. Anakimbia, ana mdomo mrefu, hamwogopi mtu. Lakini kusi ikianza kuvuma na baridi yake, kifua chake kinapiga mluzi, na analala ameketi, ameegemea mto. Nikimsikia kutoka chumbani kwangu, najua kila tone la sauti ile lilitoka kiganjani kwangu. Zuhura ananisalimu asubuhi na jioni, ananipikia vizuri, ananiletea mtoto nimshike. Hajawahi kukosa heshima. Hajawahi pia kukaa nami tukazungumza kama zamani. Simlaumu. Faida tulimwandikia uhuru mwaka uleule, akaenda kukaa kwa Mwanamvua, na sasa ndiye anayesafisha wale watoto puani. Kikohozi chake hakikupona kama changu. Alikuwa amepepea moto ule miaka mingi kuliko mimi.

Sasa Zuhura yu karibu kujifungua tena. Wiki iliyopita wifi yangu Bi Saada alikuja na mzigo wake, kukaa na mzazi, akaketi ukumbini akafungua fundo la ubani. Akasema, mbele ya Zuhura, "Safari hii maziwa yajaribiwe mapema, tusije tukazika tena."

Nikamwambia aketi palepale. Nikawaita wote, Athumani, watumishi, mpishi, na yule mkandaji aliyekuja kutazama sufuria za maji. Walipokusanyika nikasema:

"Mzazi atalala chumba cha upande wa bahari, na dirisha litakuwa wazi. Maji ya kumkanda yachemshwe nje ya ua. Hakuna makaa chini ya kitanda, hakuna chetezo, hakuna ubani hata chembe, na Bi Saada afunge fundo lake. Kisha sikilizeni hili. Mtu yeyote akiwauliza watoto wawili wa Zuhura walikufa kwa nini, msiseme maziwa. Msiseme jicho, msiseme pepo. Semeni walikufa kwa moshi, na aliyeuwasha ni Bi Mwanahawa. Semeni nikiwa nimekaa hapa. Na siku watu watakapokaa humu ukumbini kula hitima yangu, wakaanza kunisifu, semeni tena."